Ndoo Juu ya Stuli

Daktari wetu wa meno alikuwa na kliniki yake ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa, na usafi wake ulikuwa wa kukera. Mtoto akitafuna kalamu kwenye chumba cha kusubiri, yeye atatoka na glavu zake amwambie aitoe. Mama akilamba kijiko kabla ya kumlisha mwanawe, atahubiriwa mpaka ajute kuzaa. "Mdomo ni mlango wa mwili," ndiyo ilikuwa kauli yake, na aliisema mara nyingi hivi kwamba mkewe, aliyekaa mapokezi, alikuwa akimmalizia huku anapokea simu.

Tangi la samaki alilinunua kwa sababu alisikia kwamba mtu akitazama samaki husahau kuogopa. Akalitafutia kabati fupi, akaliweka kuelekea viti vya wagonjwa, akatia changarawe nyeupe, majani ya plastiki na samaki wa rangi rangi. Alichosahau kuuliza ni kwamba samaki naye hula, na anayekula hana budi kwenda haja. Baada ya muda maji yakaanza kuwa ya manjano, kisha yakawa kijani, na chini kwenye changarawe pakalala uchafu wa kahawia ambao kila samaki akipita karibu ulipanda kidogo na kutua tena. Mgonjwa mmoja alilitazama tangi kwa muda mrefu, halafu akamuuliza mke wa Daktari kwa upole kama hayo ndiyo maji ya kusukutulia. Mke alipoinua kichwa amjibu, mgonjwa alikuwa ameshafika chini kwenye vitambaa.

Hayo yote Daktari angeyavumilia. Wagonjwa huja na kuondoka, na jino bovu humrudisha hata mwenye kiburi. Lakini safari hii alikuwa anakuja mama mkwe.

Huyu mama mkwe tumweleze vizuri, kwa sababu bila yeye hakuna kisa. Alikuwa na wakwe wawili wa kiume. Wa kwanza alikuwa daktari wa mifugo, mtu ambaye katika maisha yake hajawahi kumtibu kiumbe mwenye miguu miwili asiye na manyoya, na huyo mama alimwita Daktari mbele ya watu, kwa sauti, akimkaribisha kiti. Wa pili ndiye huyu wetu. Yeye alimwita Fundi. "Fundi, hamjambo huko?" "Fundi, mpe salamu mwanangu." Kwa maoni ya mama, mtu anayetumia koleo ni fundi, awe anang'oa misumari au magego. Mbaya zaidi, meno yake mwenyewe alikuwa akiyapeleka kwa daktari mwingine, yule wa ng'ambo ya barabara, tangu kabla ya harusi mpaka leo. Daktari wetu alikuwa akimwona kupitia dirishani akipanda ngazi za upande wa pili na mkoba wake mkononi, wala hageuzi shingo. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokubali kusema. Alikuwa amefungua midomo ya mahakimu na maaskari, lakini mdomo wa mama wa mkewe ulikuwa umefungwa kwake kama mlango wa jirani mliyegombana naye.

Basi gego la mama likaanza kuuma, na mkewe Daktari akaona hapa ndipo. Akambembeleza mama yake siku nzima kwenye simu. Mama akakubali kwa shingo upande, tena kwa sharti. Alisema atakuja Ijumaa mchana, lakini atakuja kwanza kutazama. Akiridhika na anachokiona atakaa kwenye kiti. Asiporidhika, barabara ya kuvuka anaijua.

Daktari alipoambiwa hivyo akafurahi, kisha akageuka akalitazama tangi, na furaha ikamwisha.

Ijumaa asubuhi hakupokea mgonjwa. Alikuwa amenunua mpira wa kuvutia maji kutoka duka la samaki, wenye mdomo mpana wa plastiki wa kuchomeka kwenye changarawe. Kazi yenyewe ni rahisi. Unaujaza mpira maji, upande mmoja unauzamisha kwenye tangi, upande wa pili unauelekeza kwenye ndoo, na maji yanajivuta yenyewe pamoja na uchafu. Unapunguza kiasi, unajaza mapya, samaki wanashukuru. Hata mtoto anaweza. Tatizo ni kwamba Daktari hakuwa mtoto, alikuwa msomi, na msomi huwa na mazoea ya kazini kwake.

Zoea lake lilikuwa hili: haiinamii kazi. Tangu chuoni alifundishwa kwamba daktari wa meno anayeinama atazeeka shingo mapema. Mgonjwa ndiye hupandishwa. Unakanyaga kitufe, kiti kinanyanyuka na mtu wake, mdomo unakuja ulipo wewe. Kwa hiyo Daktari akachukua ile stuli yake ya magurudumu, akaipandisha mpaka juu, akaweka ndoo juu yake, akasimama wima kabisa, nadhifu, mgongo umenyooka kama wa askari wa gwaride. Mdomo wa ndoo ukawa karibu sawasawa na ukingo wa tangi.

Maji yakatoka kidogo. Yakachuruzika kwenye ndoo kama mate ya mtoto aliyelala, yakapungua, yakawa matone. Kadiri ndoo ilivyojaa, na tangi lilivyopungua, ndivyo maji yalivyozidi kukosa sababu ya kusafiri. Mwisho yakatulia. Uchafu chini ya tangi haukutikisika hata chembe.

Mkewe alipita na mafaili kifuani, akatazama tangi, akatazama stuli.

"Weka ndoo chini," alisema.

Daktari akacheka kidogo, kile kicheko cha kumhurumia mtu. Akamweleza kwamba tatizo si ndoo, tatizo ni mvuto. Mpira huu hauna mvuto. Akaanza kumfundisha habari za hewa na msukumo, akichora hewani kwa kidole, na akatumia maneno ambayo yeye mwenyewe aliyasikia mara ya mwisho kwenye mtihani.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," mkewe akasema, akaenda kupokea simu.

Hilo lilimkera Daktari. Methali, alijisemea, si sayansi. Akavikunja vizuri mikono ya koti lake jeupe akaanza kumchunguza mgonjwa wake, yaani mpira. Uchunguzi ulichukua muda na matokeo yakawa kwamba mpira ni mrefu mno. Maji yanachoka njiani. Ni jambo linaloeleweka, hata mtu akitembea mbali huchoka. Akaleta mkasi wa kukatia nyuzi za kushonea fizi, akaukata mpira kipande kikubwa, akabaki na kijimpira kinachopanda ukingo wa tangi na kuishia hapo hapo kwenye ndoo, juu zaidi ya mwanzo. Safari hii maji hayakutoka kabisa. Kapovu kamoja kakapanda kakapasuka, basi.

Mtu mwingine angeuliza kwa nini dawa imemzidishia mgonjwa ugonjwa. Daktari wetu akaongeza dozi. Akashuka mbio mpaka duka la vifaa vya ujenzi, akarudi na mpira mnene wa kumwagilia bustani, mrefu, unaotosha kuzima moto wa ghala. Hoja yake ilikuwa kwamba njia pana hupitisha mengi. Katika hilo hakukosea. Lakini mpira mnene lazima kwanza ujae maji, hewa itoke yote, na yeye hakutaka kuutumbukiza wote kwenye tangi akalowesha mikono mpaka kwenye mabega. Akatafuta njia ya mkato. Akatazama mlangoni. Akatazama mapokezi, akaona mkewe amempa mgongo. Kisha mtu aliyewanyang'anya watoto wa mji mzima kalamu midomoni akautia mpira ule kinywani mwake, akavuta.

Akavuta mara ya kwanza, hewa. Akavuta mara ya pili, hewa yenye harufu. Akavuta mara ya tatu kwa nguvu zote za kifua chake, na safari hii maji yakaja, na hayakuja peke yao.

Hatutaeleza alichokionja. Itoshe kusema alikimbilia kwenye karai la wagonjwa, akatema, akasukutua kwa ile dawa ya buluu mpaka ulimi ukafa ganzi, akatema tena. Aliona aibu, na kwa kuwa hakuna aliyemwona, aibu ikageuka haraka ikawa hasira. Alikuwa ameegemea kiti cha wagonjwa huku machozi yanamtoka, na alipofumbua macho akaiona, inaning'inia kwenye ndoano yake, pua kwa pua naye: mashine ya kufyonza mate.

Mvuto. Huu hapa mvuto. Amehangaika asubuhi nzima na mipira ya dukani, kumbe anao mvuto wa kitaalamu, alioulipia mwenyewe, unaoweza kukausha mdomo wa mtu anayelia.

Mkewe alipoona anauvuta mpira wa mashine kutoka chumba cha matibabu kuelekea tangi, alisimama njiani.

"Si huo unaoingia midomoni mwa watu?"

Daktari akamtuliza. Alisema kichwa cha mpira kinabadilishwa kwa kila mgonjwa, kila kitu kitachemshwa, kitapigwa dawa, kitakuwa kisafi kuliko kilivyotoka kiwandani. Tena mama anakuja mchana, na mchana kila kitu kitakuwa mahali pake. Hakuna atakayejua.

"Nitajua mimi," mkewe akasema. Lakini akampisha, kwa sababu ndoa ina siku zake za kubishana na ile haikuwa mojawapo. Labda pia alitaka tu kuona mwisho wake.

Mpira wa mashine ukafika kizingitini ukagoma. Daktari akauunga pale pale mlangoni na ule mpira mnene wa bustani. Vipimo vyao havikuoana hata kidogo, kwa hiyo akazungushia plasta ya vidonda, akazungusha tena na tena mpaka pale penye kiungo pakavimba kama goti lililoteguka. Sasa kulikuwa na njia moja ndefu, inaanzia chini ya tangi kwenye kinyesi cha samaki, inalala sakafuni kwenye chumba cha kusubiri, inapita mlangoni, inapanda mpaka kwenye mkono wa kiti cha wagonjwa. Akaenda akawasha.

Mashine ikanguruma, na kwa kweli, tusimnyime haki yake, ilifanya kazi. Maji yalikimbia. Uchafu uliokaa miezi pale chini ukanyanyuka, ukaingia mdomoni mwa mpira, ukatoweka. Changarawe ikaanza kuonekana nyeupe. Daktari akawa anausogeza mpira taratibu kona hadi kona, amesimama wima, anaimba. Alimwita mkewe aje aone. Mkewe akaja akaona. Alikiri kwamba maji ni masafi, kisha akauliza yule samaki mdogo mwenye mkia wa buluu amekwenda wapi.

Daktari akainama, kwa mara ya kwanza siku ile, akatazama nyuma ya majani ya plastiki. Hakuwepo. Wakati huo huo, kule chumba cha matibabu, mashine ikakohoa. Ikakohoa tena, sauti ya changarawe kwenye chuma, ikakwama, ikanyamaza. Mpira ukabaki umejaa maji kutoka mwanzo mpaka mwisho, umevimba, unasubiri.

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa.

Mama mkwe hakungoja mchana. Jino haliangalii saa, na hili lilikuwa limemnyima usingizi. Alisimama pale na mtandio umefungwa kutoka kidevuni mpaka utosini, shavu moja limevimba, mkoba kifuani. Alimwitikia bintiye salamu kwa kichwa tu. Halafu akaanza kutazama, kwa kuwa ndicho alichojia.

Alitazama tangi, akaona jinsi maji yanavyong'aa, na inaelekea alipendezwa, maana alisogea karibu. Kisha akauona mpira. Akaufuata kwa macho kutoka kwa samaki, ukingoni mwa tangi, sakafuni, kwenye goti la plasta, mlangoni. Akapiga hatua mbili achungulie ndani. Akauona unavyopanda. Akaona unakoishia.

"Mkwe wangu," alisema, na hakumwita Fundi, jambo ambalo lilimtisha Daktari zaidi. "Huu mpira ukitoka kwa samaki unakwenda wapi?"

Daktari alikuwa na maneno mengi sana. Alikuwa na msukumo wa hewa, kuchemsha, dawa, kichwa kinachobadilishwa. Yote yakamkimbia, ukabaki ukweli peke yake.

"Unakwenda kwenye kiti, Mama."

"Na mimi nikae wapi?"

Hapo Daktari akashikwa na wazimu wa kuonyesha. Alitaka mama aone kwamba jambo lile lilikuwa la muda tu, kwamba vitu hivi viwili havina undugu, vinatenganishwa hivi hivi. Akashika goti la plasta kwa mikono miwili, akalivuta. Plasta ikaachia. Mpira wa mashine ukarudi chumbani kwake. Ule mnene ukamponyoka, ukaanguka sakafuni kwa kishindo.

Na maji yakaja. Hakuna mashine, hakuna mdomo wa mtu, hakuna stuli. Mpira ulikuwa umejaa, mwisho wake uko chini kabisa sakafuni, na maji ya tangi yalikuwa juu. Yalibubujika kwa nguvu ambazo Daktari alikuwa amezitafuta tangu asubuhi, yakamwagika kizingitini, yakatambaa mpaka kwenye viatu vya mama mkwe, yakavijaza. Daktari aliduwaa. Alikuwa anaelewa. Unaweza kuona mtu anavyoelewa kitu, uso unafunguka, na uso wake ulifunguka pale pale mbele ya mama mkwe aliyelowa, kiasi kwamba mama alidhani anafurahia.

Mkewe ndiye aliyeuchomoa mpira kwenye tangi, maana mtu alipaswa kuuchomoa. Samaki waliobaki walikuwa wameshaanza kuogelea kwa ubavu.

Hapakuwa na ugomvi. Mama hakuwa mtu wa kelele, na jino lilikuwa linamuuma mno. Alikaa kwenye kiti cha kusubiri, akavua viatu, akamwaga maji kwenye ndoo iliyokuwa bado juu ya stuli, jambo lililombidi anyooshe mkono juu, akavivaa tena. Kisha akamwomba bintiye amvushe barabara. Daktari akasema atakwenda nao. Hakutaka kwenda, lakini kubaki pale na dimbwi lake kungekuwa vibaya zaidi, na ndani ya moyo wake bado alikuwa na tumaini dogo, lile la kijinga kabisa, kwamba ataonekana muungwana.

Kliniki ya ng'ambo ilikuwa na viti vya plastiki na kalenda ya mwaka uliopita. Hapakuwa na samaki. Daktari wetu alikuwa ameicheka kliniki hiyo mara nyingi mezani kwake. Mwenyewe, mzee mnene mwenye miwani ya kamba, aliwapokea bila kuuliza kwa nini mwenzake analeta mgonjwa wa nyumbani kwake. Huenda aliona viatu. Akamkalisha mama, akaufungua mtandio, na mama akafungua mdomo.

Akaufungua kweli kweli, bila kuombwa mara mbili, macho yamefumbwa, mikono imelegea mapajani. Daktari wetu alisimama nyuma ya kiti akatazama. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuyaona meno ya ndani ya mama huyu. Lile gego lilikuwa pale nyuma, jeusi, jepesi, kazi ambayo yeye angeimaliza kabla mgonjwa hajahesabu vidole vyake. Alitamani kulia.

Mzee wa ng'ambo akapiga sindano, akasubiri, akachukua koleo. Halafu akakumbuka kwamba msaidizi wake ametoka kula. Akageuka.

"Daktari," alisema, kwa heshima kabisa, "vaa glavu unishikie mpira wa mate, tafadhali."

Alisema Daktari, tena mbele ya mama. Mtu wetu akanawa mikono mpaka kwenye viwiko, akanawa tena, akavaa glavu mpya mbele ya macho ya wote, akauchukua ule mpira mwembamba ukiwa unafoka kwa sauti ndogo, akausogeza taratibu kwenye mdomo uliokuwa wazi.

Mama mkwe akafumbua macho. Akaona mpira, akaufuata mpaka kwenye mkono, akaufuata mkono mpaka kwenye uso. Akafunga mdomo.

Mzee akamwambia afungue. Mama akatikisa kichwa. Mzee akamweleza kwamba ganzi itaisha, na ikiisha ataumia. Mama akatikisa kichwa tena, shavu limevimba, machozi yanamlengalenga kwa maumivu, midomo imebanwa mpaka imekuwa myeupe. Mashine ikawa inanguruma hapo katikati, inafyonza hewa.

Mwishowe mkewe akavaa glavu. Akaja upande wa mumewe, akautoa mpira mkononi mwake bila kumtazama. Daktari akarudi nyuma mpaka ukutani, chini ya kalenda, na mama mkwe akafungua mdomo.